Mgeni wa Nyumba Zetu: Maisha ya Arkidikoni Johnson wa Ziwa Nyasa



Tukizungumza habari za watu wakuu wa Kanisa, mara nyingi tunawafikiria wakiwa madhabahuni, au mimbarani, au katika safari za hatari. Ni mara chache tunawafikiria wameketi juu ya mkeka pamoja na watu wa nyumba, wakinawa mikono na kungoja ugali uletwe. Safari hii tunapenda kuwaletea habari za mtu ambaye sehemu kubwa ya maisha yake ilipita kwa namna hiyo, katika vijiji vya ufuko huu wetu wa mashariki wa Ziwa Nyasa. Jina lake ni William Percival Johnson, Arkidikoni wa Nyasa, aliyefariki Liuli mwezi wa Oktoba, 1928.

Tumemchagua kwa sababu moja. Johnson hakuoa, hakuzaa, wala hakujijengea nyumba ya kuiita yake. Lakini kazi yake kubwa aliifanya katika nyumba za watu wengine. Tunaamini kwamba mtu wa namna hiyo anaweza kutufundisha sisi wenye ndoa, watoto na majiko jambo tunalolisahau kwa sababu tumelizoea mno: kwamba nyumba ya kawaida, pamoja na moshi wake na kelele zake, ni mahali pa Mungu, na kwamba shukrani huanzia hapo.

KIJANA ALIYEITWA

Johnson alizaliwa tarehe 12 Machi 1854 katika kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Alisoma shule huko Bedford, halafu akaingia Chuo Kikuu cha Oxford. Hapo alikuwa na rafiki aliyeitwa Chauncy Maples. Vijana hao wawili walikuwa na elimu ya kutosha kupata kazi nzuri kwao, lakini walivutwa na wito wa Askofu Edward Steere wa Unguja, aliyekuwa akitafuta watu wa kuja kufanya kazi katika UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati. Misheni hiyo haikutoa mshahara. Mtu alipewa chakula, mahali pa kulala na posho ndogo, akatarajiwa kuishi bila mke. Mwaka 1876 Johnson na Maples walifika Unguja.

Mwaka huo huo Johnson alifuatana na Askofu Steere pamoja na kundi la watu waliokombolewa kutoka utumwani, wakielekea bara. Wengi wa watu hao walikuwa wamenyang'anywa kwao, nao walitamani kurudi upande wa Ziwa. Walipofika Masasi waliona nchi ni nzuri na maji yapo, wakakaa. Hivyo ndivyo kijiji cha Kikristo cha Masasi kilivyoanza. Tuone jambo hili: kazi ya kwanza ya Johnson barani ilikuwa kuishi na watu waliokuwa wakianza upya kuwa na nyumba. Mtu aliyeuzwa sokoni hana baba wa kumwita, hana shemeji wala mjomba. Huko Masasi watu wa namna hiyo walijenga, wakalima, wakaoana na kulea watoto. Waliotuzidi kwa kujua thamani ya jiko ni watu kama hao.

Mwaka 1880 Johnson alikwenda mbele zaidi, hadi mji wa Mwembe wa Mataka, mfalme mkubwa wa Wayao. Alikaa huko kama mgeni kwa muda wa mwaka hivi, mpaka alipofukuzwa mwaka 1881, mambo ya biashara ya watumwa yalipochafua uhusiano kati ya Mataka na Waingereza wa pwani. Alitoka amepoteza vitu vyake. Wengine wangeona huo ndio mwisho wa safari. Yeye akageuka, akatafuta njia nyingine ya kufika Ziwani.

ZIWA, NA KABURI LA KWANZA

Safari hiyo mwenzake alikuwa padre kijana aitwaye Charles Janson. Walitembea kwa miguu kutoka Masasi mpaka Ziwa Nyasa, wakafika mwanzoni mwa mwaka 1882. Janson aliyaona maji, lakini hakuishi kuyatumikia. Aliugua njiani, na mwezi wa Februari akafa, akazikwa huko huko ufukoni. Johnson akabaki peke yake, mgeni kati ya watu wasiomjua, hana mashua wala jengo.

Yatupasa kukumbuka hali ya ufuko huu katika miaka ile. Kutoka milimani kulikuwa na hofu ya Magwangwara, yaani mashujaa wa Wangoni, walioshuka kuteka watu, mifugo na chakula. Kutoka upande wa pili wa maji zilikuja jahazi zilizobeba watumwa kutoka Kota Kota, nao wakaswagwa kwa miguu mpaka Kilwa. Watu walijibanza nyuma ya maboma ya miti, juu ya majabali na katika visiwa. Mama alipokwenda kuchota maji hakuwa na hakika ya kurudi. Wazazi walipowahesabu watoto wao jioni na kuwaona wote wapo, hilo peke yake lilikuwa jambo la kushukuru.

Katika nyumba hizo zenye hofu ndimo Johnson alimoingia. Hakuwa na zawadi nyingi za kuwapa watu. Alikwenda kijiji baada ya kijiji, akalala alipolazwa, akala alichopewa, na kesho yake akaendelea. Tukisoma kwa haraka tunaweza kudhani kwamba yeye ndiye aliyekuwa mtoaji na watu wa Nyasa ndio waliopokea. Kwa habari ya Injili ni kweli. Lakini kwa habari ya chakula, moto, mkeka na mtumbwi, mtoaji alikuwa mwanamke wa ufukoni aliyesonga ugali, na mvuvi aliyegawa samaki wake wachache. Pasipo ukarimu wao Johnson asingeishi hata mwezi mmoja.

Kwa hiyo shukrani haikuwa kwake somo la kufundisha tu. Mtu anayeweka akiba ghalani anaweza kusahau kushukuru, lakini anayekula kwa mkono wa mwenzake kila siku hujifunza. Wazee wetu wametuachia methali kwamba mgeni aje ili mwenyeji apone. Katika maisha ya Johnson tunaona kwamba wote wawili walipona: mwenyeji alipata habari ya Kristo, naye mgeni akapata ndugu.

MACHO

Johnson aliona kwamba ufuko huu mrefu hauwezi kutumikiwa kwa miguu tu. Alikwenda Uingereza kuomba fedha za kununua meli, watu wakachanga, na mwaka 1884 alikuwa njiani kurudi na meli hiyo ikiwa vipande vipande, ije iunganishwe huku. Ndipo akashikwa na ugonjwa wa macho. Maumivu yalikuwa makali, giza likamzidi, ikambidi arudishwe Uingereza. Alikuwa na umri wa miaka 30 tu. Jicho moja lilipotea kabisa, na la pili likapona nusu tu. Meli ile, iliyopewa jina la Charles Janson, ilishushwa majini mwaka 1885 yeye akiwa hayupo. Mwaka huo huo kisiwa cha Likoma kikawa makao ya misheni.

Hapa tungetaka kutulia kidogo, wasomaji wetu. Ni rahisi kumshukuru Mungu mavuno yanapokuwa mema na watoto wanapofaulu shule. Johnson aliyatoa maisha yake, naye akapokea upofu wa nusu. Angeweza kubaki kwao, na hakuna ambaye angemlaumu. Alirudi. Kwa miaka zaidi ya 40 iliyofuata alisafiri ufuko huu wote akiwa na jicho moja bovu, akisoma kwa shida, akitegemea mkono wa wengine kwenye mawe na gizani. Kijana aliyemshika mkono kushuka mtumbwini alikuwa akimtumikia Kristo, ingawa huenda hakuliwaza.

Katika nyumba zetu wamo wenye macho yaliyofifia, wenye kiharusi, wazee wanaosahau majina ya wajukuu wao. Tunawahudumia, na mara nyingine tunachoka, na tunapochoka tunaanza kuwaona kuwa ni mzigo. Maisha ya Johnson yanatukumbusha kwamba mtu anayeongozwa kwa mkono bado anaweza kuwa ndiye anayeongoza nyumba nzima kwenda kwa Mungu.

Huzuni nyingine ilimjia mwaka 1895. Rafiki yake Chauncy Maples, baada ya kufanya kazi Masasi na Likoma, aliwekwa kuwa Askofu. Alikuwa anarudi Ziwani kutoka Uingereza mwezi wa Septemba, tufani ikapindua mashua usiku, naye akazama pamoja na Bwana Joseph Williams aliyekuwa akisafiri naye. Rafiki wa ujana, aliyekuja naye Afrika, alichukuliwa na maji yale yale wanayoyavuka wavuvi wetu kila usiku. Hapa Manda hakuna haja ya kueleza zaidi. Nyumba nyingi za ufukoni zinajua habari ya kungoja alfajiri mashua isirudi. Johnson alijua kungoja huko. Mwaka uliofuata alifanywa Arkidikoni, akaendelea na kazi.

MANENO YA JIKONI

Labda kazi yake iliyoenea zaidi ilikuwa kutafsiri. Kwa jicho lake moja alifanya kazi miaka mingi kuyaweka Maandiko Matakatifu katika Kinyanja, lugha iliyotumika kanisani katika vijiji vingi vya Ziwa, mpaka Biblia nzima ikapatikana. Alikusanya pia methali za Kinyanja, zikachapwa mwaka 1922. Mwaka huo huo kilitoka kitabu chake juu ya Ziwa na maisha ya watu wake, na mwaka 1924 kitabu cha kumbukumbu zake za miaka ya mwanzo.

Mfasiri wa Biblia hawezi kufanya kazi yake akijifungia chumbani. Anahitaji neno la chachu, naye atalipata kwa mama anayepika. Anahitaji neno la wavu, naye atalipata kwa mvuvi anayeshona nyavu zake mchangani. Anahitaji neno la huruma, na hilo atalisikia pale mtoto anapougua usiku na nyumba nzima imekesha. Methali nazo hazikai dukani. Hutoka kinywani mwa babu jioni, wakati moto unapungua. Kwa hiyo tunaposema kwamba Johnson aliwapa watu wa Nyasa Biblia katika lugha yao, tuseme pia kwamba jamaa za Nyasa zilimpa maneno yake. Kila ukurasa ulipitia jikoni kabla ya kufika madhabahuni.

Hapa pana fundisho kubwa. Mungu alipotaka kusema nasi hakutafuta lugha ya pekee isiyowahi kugusa masizi. Alitumia maneno yale yale tunayotumia kuitana tule, kumkemea mtoto, kumpa pole jirani. Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwa habari ya mwanamke aliyefagia nyumba akitafuta shilingi, na baba aliyemngoja mwanawe njiani. Na wale wanafunzi wawili wa Emau hawakumtambua walipokuwa wakitembea wakijadiliana habari za dini. Walimtambua alipoingia nyumbani mwao, akaketi, akatwaa mkate na kushukuru.

Tena tukumbuke kwamba neno lenyewe Ekaristi, katika lugha ya Kiyunani, maana yake ni shukrani. Padre aliyeadhimisha Misa asubuhi katika banda la nyasi alikula jioni kwenye mkeka wa mwenyeji wake. Mkono ulioinua Mkate Mtakatifu ndio huo huo uliomega tonge. Hakukuwa na ukuta kati ya shukrani ile na hii. Sisi ndio tuliojenga ukuta huo, tukaiacha shukrani kanisani siku ya Jumapili na kwenda nyumbani na manung'uniko.

UDHAIFU WAKE

Hatupendi kuandika habari za mtu kana kwamba hakuwa na kasoro. Johnson alikuwa mtu asiyetulia. Alizoea kuondoka ghafla, akatembea mwendo ambao wengine hawakuuweza, na hakujali chakula wala nguo wala kupumzika. Alidhani wengine nao wanaweza kuishi hivyo. Kwa wenzake waliougua homa na kuhitaji kitanda, halikuwa jambo rahisi kufuatana naye.

Wala tusifikiri kwamba kwa kuwa hakuoa, maisha ya ndoa yana utakatifu mdogo. Kazi ya Ziwa isingesimama kama ingewategemea wageni wasiooa peke yao. Johnson alipita kijijini siku moja au mbili, akaenda zake. Waliobaki walikuwa walimu wa Kiafrika na wake zao. Kati ya wafanyakazi wa kwanza wa Nyasa alikuwako Augustino Ambali, aliyetoka utumwani, akalelewa na Kanisa huko Unguja, akaja Ziwani kufundisha, na baadaye akawa padre. Mwalimu kama huyo alifundisha darasani asubuhi, lakini kijiji kizima kilimtazama mchana na usiku: anasemaje na mke wake, anamlisha nani, anafanya nini mtoto wake anapokufa. Nyumba yake ilikuwa kitabu cha kwanza ambacho jirani zake walikisoma, kabla hawajajua herufi.

Tangu mwaka 1901 misheni ilikuwa na meli kubwa zaidi, iliyoitwa Chauncy Maples kwa kumbukumbu ya askofu yule aliyezama. Ilikuwa meli, shule na mahali pa matibabu kwa pamoja, na Johnson alifundisha walimu humo. Lakini meli hupita. Ilipotoweka nyuma ya rasi, kilichobaki ni mwalimu, mkewe, na kengele ya sala.

Mipaka nayo haikumzuia. Baada ya mapatano ya Wazungu ya mwaka 1890 ufuko huu wa mashariki uligawanywa, kusini Wareno na kaskazini Wajerumani, nayo Likoma ikabaki ya Waingereza. Manda yetu Wajerumani waliiita Wiedhafen, na Liuli wakaiita Sphinxhafen. Majina hayo yameondoka pamoja na bendera zao. Vita ya Maji Maji ya mwaka 1905 hadi 1907 ilileta njaa kubwa katika nchi ya Songea, na Vita Kuu ya 1914 ikaleta mizinga mpaka ndani ya Ziwa hili. Serikali zilibadilika. Jamaa ziliendelea kuwasha moto jioni, na pale walipokuwapo Wakristo, kuomba kabla ya kula.

MWISHO WA SAFARI

Johnson alizeeka huku. Oxford ilimheshimu mwaka 1911 kwa kumpa shahada ya udaktari wa Theolojia, lakini heshima hiyo haikubadilisha namna yake ya kuishi. Alifariki Liuli mwezi wa Oktoba, 1928, akiwa na umri wa miaka 74. Miaka 52 ilikuwa imepita tangu alipofika Afrika. Amezikwa huko huko Liuli, na kaburi lake lipo mpaka leo. Yeye aliyekuwa mgeni katika kila nyumba alilala mwishowe katika udongo wa wenyeji wake, kama mzee wa ukoo.

NA SISI JE?

Hatukuwaletea habari hizi ili tumsifu Mwingereza mmoja halafu tufunge gazeti. Nyumba zetu za Manda leo zina mambo mengine ya hofu. Magwangwara hawashuki tena, wala jahazi za watumwa hazipo. Lakini vijana wetu wanaondoka kwenda Njombe, Makambako, Songea na Dar es Salaam, na wengine hawaleti habari. Waume wanakaa dagoni majuma mengi. Mkoa wetu wa Njombe umepoteza wazazi wengi kwa UKIMWI, na mabibi waliotegemea kupumzika wakajikuta wanalea upya. Paulo Mtakatifu alipomwandikia Timotheo alimkumbusha imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Loisi wengi wapo ufukoni hapa. Wanachemsha uji kabla ya jua kutoka, wanatafuta sare za shule, na usiku wanafundisha Baba Yetu kwa watoto wasio na baba wa kuwajibu. Hao ni walimu wa dini, hata kama majina yao hayakuandikwa kwenye daftari la mtaa.

Tufanye nini, basi? Tunapenda kupendekeza mambo machache, yaliyo madogo kama yalivyo mambo yote ya nyumbani.

Kwanza, turudishe sala ya chakula. Isiwe maneno ya haraka ya mtoto mmoja huku wengine wameshaanza kula na mwingine anatazama simu. Simu iwekwe kando, na mtu mmoja amshukuru Mungu kwa jambo moja lililotokea siku hiyo. Ugali wa muhogo na dagaa wachache unastahili shukrani sawa na pilau ya Krismasi. Siku nyavu zikirudi tupu, tushukuru kwa kuwa waliozivuta wamerudi.

Pili, tushukuriane. Ni ajabu kwamba mtu anaweza kumwambia Mungu asante kwa chakula, asimwambie mke wake aliyekwenda kutafuta kuni. Na yuko mke ambaye humshukuru Mungu kwa mumewe mbele ya akina mama wenzake wa kanisani, lakini mume mwenyewe hajalisikia neno hilo. Shukrani inayofika mbinguni bila kupita kwa mtu aliye karibu nawe imeruka kituo.

Tatu, tumpokee mgeni. Wengi wetu tuliipokea imani kwa sababu babu au bibi fulani alimfungulia mlango mtu aliyechoka, asiyeona vizuri, asiye na kitu mkononi. Hakujua anampokea nani. Leo hodi inaweza kupigwa na mwalimu mpya wa shule asiye na ndugu hapa, na mjane aliyehamia, na kijana aliyerudi kutoka mjini mikono mitupu akiona haya. Huyo wa mwisho ndiye mgumu kuliko wote kumpokea, kwa kuwa tulimtarajia aje na vitu. Tumpe sahani yake kwanza. Maswali yatangoja.

Nne, wasio na jamaa wasiachwe pembeni. Johnson hakuwa na mke wala mtoto, lakini alikuwa na nafasi kwenye mkeka wa watu. Wajane, waseja na wazee wanaokaa peke yao wanahitaji nafasi hiyo. Kanisa ni jamaa, nayo jamaa huhesabu watoto wake jioni, ikiona mmoja hayupo hutuma mtu.

Tunapoukumbuka mwezi wa Oktoba ambao Arkidikoni Johnson alipumzika, tuwaombee pia wale ambao majina yao hayakuandikwa katika vitabu: wanawake waliomsongea ugali, wavuvi waliompa mahali mtumbwini, vijana waliomshika mkono. Mungu aliyewakirimia imani kwa njia ya mgeni, na kumkirimia mgeni uhai kwa njia yao, azibariki nyumba zetu zote za Manda, zenye watu wengi na zenye mtu mmoja, atufanye watu wa shukrani leo na siku zote. Amina.